Uliza Wati-Saa Kabla ya Kuuliza Bei

Tarehe 10 Desemba 2009 kebo iliyopitisha umeme chini ya bahari kutoka Tanzania Bara kwenda Unguja ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi tarehe 9 Machi 2010. Miezi mitatu. Mahoteli na maduka makubwa yaliendesha jenereta, wengine wakarudi kwenye mishumaa na vibatari, na katika mitaa mingi maji yakawa shida kubwa kuliko giza lenyewe, kwa sababu pampu nazo zinakula umeme. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa hichohicho kilikosa umeme kwa takriban mwezi mzima. Mchumi Alfredo Burlando alipochunguza athari za mwezi ule aligundua kwamba watu ambao kazi zao zilitegemea umeme walipoteza kipato, na wastani wa uzito wa kuzaliwa wa watoto waliokuwa tumboni wakati ule ukashuka. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, hasara huingia hadi kwenye sahani ya mama mjamzito.

Unguja ilipata kebo mpya ya megawati 100 mwaka 2013. Lakini nyaya kubwa haziondoi giza moja kwa moja. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizimika, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria wakabaki gizani kwa sababu jenereta iliyotarajiwa kuwasaidia haikuwaka. Tarehe 1 Aprili 2024 ikawa zamu ya gridi ya taifa ya Tanzania. Tofauti kati ya nyakati hizo na Desemba 2009 ni kwamba leo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuingia kwenye maduka ya Kariakoo, Darajani au Luthuli Avenue akatoka na umeme mkononi, kuanzia pawabanki ya simu hadi sanduku la kubeba lenye betri, inveta ya kugeuza umeme wa betri, na soketi kama za ukutani. Hilo ni jambo kubwa na jema. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyonunua vifaa hivi. Tunasoma namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na mara nyingi namba hiyo haituelezi tulichokifuata.

Namba inayoeleza betri imebeba umeme kiasi gani ni moja tu, nayo ni wati-saa. Anayenunua umeme kwa LUKU au kwa tokeni za Kenya Power ameshaizoea, maana uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo sanduku lenye wati-saa 500 limebeba nusu uniti. Wati peke yake ni kipimo kingine kabisa: kinaeleza kifaa kinakula umeme kwa kasi gani, au inveta inaweza kuutoa kwa kasi gani. Ukifikiria pipa la maji, wati-saa ni ujazo wa pipa na wati ni upana wa bomba. Sanduku lililoandikwa "wati 1,000" linaweza kuwa na wati-saa 500 tu ndani, na ukilitumia kwa nguvu zake zote litaisha katika muda usiofika nusu saa. Muuzaji hajasema uongo. Ametaja upana wa bomba, nawe ukadhani ametaja ujazo wa pipa.

Kwenye pawabanki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko ujazo huandikwa kwa miliampea-saa. Namba hiyo hupimwa kwa volti za seli zilizo ndani, kwa kawaida 3.7, ilhali umeme unaotoka kwenye tundu la USB huanza na volti 5. Ili kupata wati-saa, zidisha miliampea-saa kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Pawabanki ya 20,000 inatoka na wati-saa 74. Simu ya kisasa yenye betri ya 5,000 inahitaji wati-saa 19 hivi kujaa. Kwa hesabu ya haraka ungesema itajaza simu mara nne, lakini ubadilishaji wa volti na joto linalopotea vinakula sehemu ya umeme huo, kwa hiyo ukipata mara tatu umepata haki yako.

Hapo tunazungumzia pawabanki ya kweli. Sokoni zimejaa zinazodai 50,000, 80,000 hata 100,000 kwa bei ya sahani chache za chipsi, na njia bora ya kuzikagua ni mizani ya duka la jirani. Seli bora za lithiamu zinazouzwa leo hubeba takriban wati-saa 250 kwa kila kilo. Pawabanki ya kweli ya 50,000 ingebeba wati-saa 185, kwa hivyo seli zake pekee zingepaswa kukaribia gramu 740 kabla ya kuongeza ganda na saketi. Seli za ile ya 20,000 zingekaribia gramu 300. Ukiinyanyua ikawa nyepesi kama kipande cha sabuni, irudishe. Uzito mkubwa hauthibitishi ukweli, kwa kuwa zimewahi kupasuliwa pawabanki zikakutwa zimejazwa mchanga, lakini uzito mdogo unathibitisha uongo. Tumia jicho hilohilo kwa seli za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 zinazotiwa kwenye tochi. Zilizo bora hufika miliampea-saa 3,500 hivi, kwa hiyo iliyoandikwa 9,900 haifai hata kujaribiwa.

Ukishajua kupima, swali la pili ni la nyumbani: ni kitu gani kisichopaswa kuzimika? Naona watu wengi wakianza na sanduku, kisha wakatafuta cha kuchomeka. Anza na kalamu na karatasi. Taa tatu za LED za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 105. Simu mbili, pamoja na kinachopotea njiani, 50. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa sita, 60. Feni ndogo ya wati 20 usiku kucha, 160. Redio ya wati 5 kwa saa nne, 20. Jumla haifiki 400. Sanduku la wati-saa 500 linabeba usiku mzima wa familia ya mjini, na hata baada ya inveta kuchukua chake kuna akiba kidogo. Ongeza pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu, na peke yake imekula zaidi ya vyote hivyo vikijumlishwa. Birika la umeme, hita ya maji ya kuoga na jiko la koili ni vya kundi hilohilo. Chochote kinachotengeneza joto kwa umeme kiache nje ya hesabu ya dharura, na chai ichemke kwa gesi au mkaa.

Simu inastahili nafasi ya kwanza kuliko tunavyodhani. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, simu kwetu imekuwa pochi, na mafuriko au kimbunga kikija ndiyo namna ya kulipia bodaboda ya kwenda hospitali, kupokea pesa ya ndugu aliye mbali, na kusikia tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa. Wati-saa 19 za simu moja zina thamani kuliko saa tatu za televisheni.

Friji huwapa watu hofu kubwa, na mara nyingi hofu hiyo huwafanya wanunue sanduku kubwa kuliko uwezo wao. Friji ya nyumbani katika joto la pwani inaweza kula uniti moja kwa siku au zaidi, na kompresa yake inapoanza huvuta kwa sekunde chache nguvu iliyo mara kadhaa ya ile ya kawaida. Ndiyo maana inveta ndogo huzima ghafla friji inapowaka, ingawa kibandiko cha nyuma ya friji kinasema wati 100 tu. Kabla ya kununua kwa ajili yake, kumbuka kwamba friji isiyofunguliwa hukaa na ubaridi salama kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa hufika takriban saa 48. Umeme ukikatika, nidhamu ya kutofungua mlango inafanya kazi ambayo betri ya bei ghali ingefanya.

Dawa ni habari nyingine, na hapa ningependa kila familia yenye mgonjwa ikae chini mapema. Insulini inayotumika sasa hivi kwa kawaida hukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina yake na maelezo ya kwenye boksi. Dar es Salaam na Mombasa za Februari huvuka hapo mchana, kwa hiyo chupa iliyo wazi iwekwe mahali penye kivuli na ubaridi, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa katika chungu kikubwa zaidi, katikati yake kukiwa na mchanga uliolowa. Njia hiyo haihitaji hata wati moja. Mtoto mwenye pumu anayetumia nebulaiza ya wati 120 kwa dakika kumi anahitaji wati-saa 20, kiasi kidogo ambacho hata sanduku dogo lenye soketi ya ukutani linakitoa mara nyingi. Lakini mashine ya kutengeneza oksijeni ya lita tano kwa dakika hula wati 300 hadi 350 bila kupumzika. Sanduku la wati-saa 1,000 litaiendesha kwa saa mbili na nusu hivi, kisha basi. Mgonjwa wa aina hiyo asiachiwe betri ya kubeba kama tegemeo lake. Mtungi wa oksijeni uliojaa uwe chumbani, na betri iwe ya kuvukia dakika za kuuunganisha na za kutafuta gari.

Sasa kemia, maana ndiyo inayoamua utanunua mara moja au kila baada ya miaka miwili. Betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, bado ndiyo iliyoenea vijijini kwetu. Ile ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiikausha zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Ina kilo karibu 30. Joto ni adui yake mkubwa: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha yake kwa nusu, na chumba chenye bati bila dari hakisamehe. Betri ya gari, ambayo wengi huigeuza kuwa ya sola, ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, wala si kumwagwa polepole usiku kucha.

Betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, inayoandikwa LFP au LiFePO4, ilitoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Goodenough alikuja kutunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Betri ya LFP unaweza kuitumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, ina uzito usiofika nusu ya ile ya risasi, na huvumilia mizunguko 2,000 au zaidi ya kujaza na kumaliza, wakati betri ya kawaida ya risasi huishia kwenye mia chache. Hata ikiuzwa mara tatu ya bei, kila wati-saa utakayoitumia katika maisha yake itakuwa imekugharimu kidogo. Pia ni ngumu zaidi kushika moto kuliko lithiamu za nikeli zilizomo kwenye simu na pawabanki nyingi. Kwa sanduku la kukaa ndani ya nyumba yenye watoto, mimi sinunui kemia nyingine.

Kuna faida moja ya LFP ambayo wauzaji hawaitaji, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. Wakati wa mgao umeme huja kwa saa chache, tena mara nyingi usiku wa manane. Betri ya risasi huhitaji saa nane hadi kumi kujaa sawasawa, na ikiachwa nusu kila siku hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake hadi ife. Masanduku mengi ya kisasa ya LFP hujaa kwa saa mbili au chini ya hapo. Kwa mtu anayepata umeme saa nne kwa siku, kasi ya kujaza ina uzito kuliko ukubwa wa betri. Uliza sanduku linapokea wati ngapi kutoka ukutani na ngapi kutoka kwenye paneli. Ukijibiwa wati 60 kwa sanduku la wati-saa 500, basi umeme wa saa nne hautalifikisha hata nusu.

Lakini katika giza la miezi mitatu kama lile la Unguja, betri isiyo na paneli inaisha usiku wa kwanza au wa pili. Paneli ya wati 100 iliyowekwa vizuri hutupatia wati-saa 350 hadi 400 kwa siku ya jua, karibu sawa kabisa na orodha ya familia niliyoitaja hapo juu. Zile za kukunja hutoa pungufu, kwa sababu huwekwa chini kwa pembe yoyote na hupata joto. Wakati wa masika kata nusu. Ningemshauri mwenye pesa za sanduku kubwa anunue sanduku la katikati, na pesa inayobaki iende kwenye paneli.

Wanaoijua hesabu hii ya wati-saa kwa vitendo ni wavuvi wa dagaa. Katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa kuvutwa na mwanga, na kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa karabai, yenye mafuta ya taa, vioo vinavyopasuka na utambi unaochanika kwa upepo. Wengi sasa wamehamia taa za LED na betri. Taa ya wati 10 ikiwaka saa kumi inataka wati-saa 100. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 18 ina 216, na nusu yake salama ni 108. Inatosha, lakini kwa uzi mwembamba, na ikichakaa kidogo tu taa itafifia kabla ya alfajiri huku wavu ukiwa majini. Kwa mvuvi hiyo ni mboga na ada ya shule. Mikopo ya vyama vya wavuvi ingeelekezwa kwenye betri ndogo za LFP, ambazo hazimwagi asidi mtumbwi unapoyumba, ingelipa haraka.

Msafiri ana sheria zake. Ndani ya ndege, betri ya lithiamu ya akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi pekee, kamwe si kwenye sanduku linaloingia mizigoni. Hadi wati-saa 100 huruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege na hazizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kubeba. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua ikiwa uwanjani Korea Kusini Januari 2025, masharti yamekazwa, na Emirates, inayowapitisha watu wetu wengi Dubai, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabanki moja isiyozidi wati-saa 100 na hairuhusu kuitumia angani. Ndugu aliye Uingereza au Marekani asiahidi kuja na sanduku la wati-saa 500 kwenye begi. Litabaki uwanjani. Mzigo kama huo husafirishwa kama bidhaa hatari, kwa nyaraka zake.

Mpanda Kilimanjaro ana tatizo tofauti. Usiku wa kwenda kileleni, kwenye mita 5,895, baridi hushuka chini ya sifuri, na lithiamu iliyoganda hutoa umeme kidogo hadi simu ikazima ikiwa inaonyesha asilimia 40. Betri ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, na usiku ilale ndani ya mfuko wa kulalia. Kutoa umeme kwenye baridi kunaipunguza nguvu kwa muda tu, lakini kuijaza ikiwa chini ya sifuri kunaiharibu moja kwa moja. Wapagazi wanaofunga paneli juu ya mabegi wasubiri jua liipashe betri kwanza.

Usalama wa nyumbani naueleza kwa ufupi kwa kuwa hauna mjadala. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inachaji. Usijaze chochote cha lithiamu juu ya godoro au ndani ya chandarua. Lithiamu ya akiba ihifadhiwe ikiwa nusu na ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, ila ya risasi ihifadhiwe ikiwa imejaa. Na lililo muhimu kuliko yote, itumie. Washa taa za sebuleni kwa sanduku lako mara moja kwa wiki, maana kilichotokea kwa jenereta ya uwanja wa ndege Agosti 2023 kinaweza kutokea kwa betri iliyokaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa.

Haya yote mnunuzi hawezi kuyabeba peke yake. Nayaomba mashirika ya viwango, yaani TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar na KEBS kwa Kenya, yalazimishe kila pawabanki na kila sanduku la umeme linaloingia bandarini liandikwe usoni, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, wati-saa linazotoa kwa mtumiaji, aina ya kemia na muda wa kujaa kutoka ukutani. Kipimo cha kugundua uongo mkubwa ni mizani, na mizani zipo katika kila bandari. Nawe msomaji, hadi amri hiyo itakapotoka, usitoe pesa mfukoni kabla muuzaji hajakuonyesha wati-saa.